Mwenye Mwiko

Felista alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa uani napeta mchele. Hakuzunguka. "Mama amefariki jana," alisema. "Tunazika Jumamosi, Kahe." Nilimpa pole, nikauliza aliugua nini, nikauliza kama wanahitaji sufuria kubwa na maturubai, nikauliza kila kitu isipokuwa kwa nini Kahe. Kwetu Kibosho mtu huzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, katikati ya migomba aliyoilima mwenyewe, ubavuni mwa mume wake. Anayezikwa kwingine ni yule aliyekosa pa kuzikwa. Kahe ni huko chini kwenye joto na mifereji, na watu wa mlimani wa wakati wetu walishuka kulima mahindi yao wakapanda tena kabla mbu hawajaamka. Nilikaa na ungo mapajani mpaka mchana. Kama mtu angepita akaniuliza nawaza nini, ningemjibu bila kuficha kwamba mimi nilimnyang'anya yule mama shamba, na sasa naona nilimnyang'anya na kaburi.

Wanangu hawaijui ahadi. Wakimsikia mtu mzima anasema binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, wanadhani anatania, na kweli siku hizi maneno yale husikika zaidi harusini, mshereheshaji akitaka kuwachekesha wazee. Kwetu hayakuwa utani. Yalikuja na chama kilichodai uhuru, yakawa ya wanachama wake, kisha bila mtu kutuuliza yakawa ya kila mtoto aliyeweza kusimama wima. Wazazi wetu waliyasema kwenye mikutano ya kijiji, walimu wetu waliyasema chuoni, na sisi tuliyasema mstarini kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa, ukungu ukiwa bado umekalia migomba na miguu yetu mitupu imekufa ganzi kwa umande. Yalikuwa yameandikwa kwa rangi ya kijani kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, ahadi chini ya ahadi, na mvua za miaka mingi zilikuwa zimekula ile ya rushwa ikabaki nusu. Hakuna aliyeona kichekesho hapo, au aliyekiona alinyamaza. Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la saba, na mimi ndiye niliyeongoza. Nilikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya korongo akasikia na jina la baba yake. Nilisema mstari, shule nzima ikaurudia, na kwa dakika chache kila asubuhi nilijiona mimi ndiye serikali.

Nyumbani kwetu kulikuwa juu kabisa, karibu na msitu, mbali mno kwenda na kurudi mchana. Kwa hiyo nilikula kwa kina Felista, nyuma tu ya shule. Hilo jiko ningeweza kulichora nikiwa nimefumba macho. Ukuta wa mbao uliojaa masizi, mafiga matatu, kichanja chenye mahindi ya mbegu, na upande wa pili wa ukuta ng'ombe mmoja anatafuna majani ya migomba, unamsikia anavyohema. Mama Felista alipika kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja mpaka vikashikana, na siku njema akatia maziwa. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye kucheka kwa pua, na ndiye aliyenipa jina nililoitwa na mtaa mzima. Ilikuwa hivi. Ndani ya ahadi mlikuwa na mstari unaosema, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu ni mwiko." Sisi Kiswahili tulikikuta shuleni, nyumbani tulisema Kichagga, na mwiko tulioujua ulikuwa mmoja tu, ule wa mti wa kukorogea. Nikiwa darasa la kwanza nilimwuliza mwalimu huo mwiko wa fitina ni mkubwa kiasi gani, na kama unakaa ofisini. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Habari ilifika kwa Mama Felista kabla ya mchana, na tangu siku hiyo hakuniita Yustina tena. "Mwenye Mwiko amefika," angesema nikitokea mlangoni. "Haya, shika mwiko wako ukoroge, fitina isiungue." Nami ningekoroga.

Nyuma ya jiko hilo kulikuwa na siri. Miaka hiyo kahawa ilikuwa imeacha kulisha watu. Ilichumwa, ikamenywa, ikaanikwa, ikapelekwa, na malipo yakachelewa hadi mtu akasahau kama alipeleka. Lakini kuing'oa kulikuwa kosa la kisheria, na kwa ukoo lilikuwa kosa kubwa zaidi, maana kila mche ulikuwa na jina la aliyeupanda. Mama Felista aliikata ya katikati. Aliacha mistari miwili kuzunguka kihamba chote, yenye majani mazito ya kumkinga na macho ya njiani, na ndani akapanda nyanya na maharage. Visiki alivifunika kwa majani makavu ya migomba. Ukipita barabarani uliona kahawa. Ukiingia ndani uliona nyanya zimeiva mpaka unataka kuimba. Tuliposaidia kuzichuma mara ya kwanza alitutazama wote wawili, mimi na Felista, akasema, "Mliyoyaona hapa yanaishia hapa. Shemeji akijua, sina changu." Shemeji ni Deo, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye jioni alizoea kusimama nje ya ua na kusema kwa sauti ya kusikika kwamba kihamba ni cha ukoo, mwanamke amepewa kukitunza tu. Tulijibu, "Ndiyo, Mama." Hiyo nayo ilikuwa ahadi, ila hakuna aliyetupanga mstari kuisema, na labda ndiyo maana sikuiona kuwa ahadi.

Siku moja baada ya mstari mwalimu mkuu aliniita ofisini. Kwenye kiti cha wageni alikaa bwana shamba mpya wa kata, kijana msafi mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye pikipiki yake tulikuwa tumeizunguka asubuhi tukijiangalia kwenye kioo.

"Wewe ndiye mwenye ile sauti?" aliniuliza.

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Kuna sherehe za wilaya mjini Moshi, uwanjani. Wanatafuta mtoto wa kuongoza ahadi mbele ya wakubwa. Mwalimu wako anakusifu. Ila mimi sitaki kupeleka kasuku. Unaelewa unachokisema?"

"Naelewa."

"Haya. Kweli na fitina, tofauti yake nini?"

Mimi, mtoto niliyewahi kuchekwa kwa ajili ya mstari huohuo, nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu darasa la kwanza. Nilisema kweli ni jambo lililopo, fitina ni jambo la kugombanisha watu. Akasema hayo yameandikwa kwenye vitabu, nimpe mfano wangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipotaka kuonekana mjanja. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, mimi nikabaki mzima.

"Kama mtu amekata kahawa ya katikati ya kihamba," nilisema, "akaacha ya kandokando isijulikane, nikisema amekata, hiyo ni kweli. Nikisema amekata ili amkomoe shemeji yake, hiyo ni fitina."

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini. Bwana shamba alitabasamu, si kwa ubaya, naapa hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo linalonitesa. "Mfano mzuri kweli," alisema. "Ni nani huyo?"

"Ni mfano tu."

"Najua. Lakini mfano namna hiyo hautoki hewani." Aliinuka, akatoa kichwa dirishani akaisoma ile ahadi iliyoandikwa ukutani kwa nje, polepole, kama anaiona mara ya kwanza. "Umeahidi kusema kweli mara mojamoja, au daima?"

"Daima."

"Basi."

Nilimtazama mwalimu mkuu. Alikuwa na uwezo wa kusema mwache mtoto aende darasani. Alikuwa anaangalia nje. Nami nikasema jina. Nililisema kwa sauti ya mstarini, kwa sababu sikuwa na nyingine. Bwana shamba aliniambia nchi ina bahati kuwa na watoto kama mimi, na nilitoka ofisini mle nimefurahi. Niseme wazi, maana nimelificha hilo kuliko yote. Sikutoka nimetetemeka. Nilitoka nimefurahi, na mchana ule nilikula kiburu kwa Mama Felista nikarudia sahani.

Mgambo walikuja siku mbili baadaye. Tuliwasikia tukiwa darasani, tukasikia na majani makavu yakifukuliwa, na Felista akainuka kwenye dawati bila kuomba ruhusa akakimbia. Nilipofika mchana visiki vilikuwa vimeachwa wazi, vyeupe, safu baada ya safu, na mtu mmoja alikuwa anavihesabu kwa kuviwekea kijiti. Nyanya zilikuwa zimekanyagwa. Mama Felista walimpeleka ofisi ya kata wakamlaza huko siku tatu kwenye stoo ya mbolea. Deo alisimama njia panda akiwa ameweka mikono nyuma, akamwambia kila aliyepita kwamba marehemu kaka yake ameuawa mara ya pili. Sikulala vizuri, lakini nilijipa moyo kwamba wanaojua ni watatu tu, mimi, bwana shamba na mwalimu mkuu, na wakubwa wale wawili hawana sababu ya kusema.

Alitoka Jumamosi. Jumapili baada ya misa nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Jikoni alikuwako jirani mmoja amekuja kumpa pole, na Felista amekaa pembeni akichambua maharage, uso chini. Mama Felista alikuwa amezeeka. Sauti ilikuwa imemkauka na mikono yake ilinuka ile mbolea ya stoo. Nilisimama mlangoni.

"Mwenye Mwiko," alisema, "mbona umesimama? Ingia ndani, chakula kinapoa."

Aliupokea mwiko kwa jirani akanipakulia mwenyewe, wa kwanza, kabla ya mwanawe. Jirani akatikisa kichwa, akamwita mama kwa Kichagga. "Mae, kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia. "Mtu wa mbali hawezi kujua ya ndani ya kihamba." Mama Felista akamjibu, "Waache watoto wale." Nikala. Kila tonge nililimeza. Felista hakuniinulia macho hata mara moja, na mimi nikajiambia ni huzuni. Nilipomaliza Mama Felista alichukua sahani yangu, akaiangalia kama imeisha, akasema, "Vizuri." Miaka yote iliyofuata, nikiwa na watoto wangu, nikiwa nimekosa usingizi, nilijiliwaza kwa jambo moja tu, kwamba siku ile alinilisha kwa kuwa hakujua.

Ukoo ulikaa kikao. Walikaa mara tatu, na mara zote tatu mbege, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa na neno likawa lilelile, kwamba mwanamke aliyekata kahawa ya wazee hawezi kuachiwa ardhi ya wazee. Kihamba kikapewa Deo akitunze. Mama Felista aliwapigia magoti. Niliyaona hayo magoti kupitia kwenye uzio, kwenye tope, na nilimsikia akisema, "Ichukueni migomba, ichukueni na ng'ombe, niachieni hapo kwenye kaburi la mume wangu nikifa mnilaze." Mzee mmoja akamjibu hayo ni ya baadaye. Hakuna aliyerudi kuyazungumza baadaye. Siku waliyoshuka kwenda Kahe, kwa mtu aliyewakodishia kipande cha shamba kando ya mfereji, mimi sikuwapo. Nilikuwa Moshi mjini, uwanjani, nimevaa sketi iliyopigwa pasi ya mkaa na viatu vya kuazima, nasubiri kuongoza ahadi.

Tulisubiri tangu asubuhi. Bendi ikapiga, hotuba zikasomwa, ngoma zikachezwa. Nilikuwa nairudia kimoyomoyo tangu mwanzo mpaka mwisho. Jua likiwa kichwani alipita bwana mmoja mwenye karatasi ya ratiba, na mwalimu aliyetuleta akamwuliza zamu yetu lini. "Ahadi?" alisema yule bwana. "Ahadi imeondolewa. Ile ni ya chama, na sasa vyama ni vingi. Hii ni shughuli ya serikali." Alisema bila uzito wowote, huku akitafuta jina lingine kwenye karatasi. Walitupa soda tukarudi. Nilipofika nyuma ya shule mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba na ng'ombe wa Deo alikuwa tayari bandani. Baada ya likizo tulikuta ukuta wa ofisi umepakwa chokaa. Mstarini tuliimba wimbo wa taifa, tukakaguliwa kucha, tukaingia darasani. Maneno ambayo kwa ajili yake nilimsaliti yule mama hayakumaliza hata mwaka.

Felista hakufanya mtihani wa darasa la saba. Nilisikia kwamba homa ya huko chini ilimshika mara baada ya mara, na kwamba kwinini ilimharibu sikio moja. Mimi nilifaulu. Nilikwenda sekondari, nikapata kazi, nikaolewa, nikahamia mjini, na kutoka mlangoni kwangu mpaka Kahe si safari ya kumwumiza mtu. Sikwenda. Nilituma salamu, nilituma mchango Felista alipouguliwa, na miaka ikaisha. Nilikuwa naogopa, basi. Sitafuti jina zuri zaidi la jambo hilo.

Jumamosi nilishuka. Kabla ya kuondoka nilichimba chipukizi la isale kwenye mpaka wa kiwanja changu, nikalifunga kwenye gazeti bichi. Kwetu isale ndilo linalopandwa kwenye mipaka na makaburini, na ndilo analolibeba mtu aliyekosa akienda kuomba msamaha. Aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Mazishi yalikwenda haraka kwa sababu ya jua. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, ardhi ya kijivu iliyopasukapasuka, bila mgomba hata mmoja wa kulitazama. Deo hakuja, wala mtu wa ukoo hakuja. Watu walipopungua Felista alinisogezea kigoda.

"Kaa upande huu," alisema. "Lile sikio halisikii."

Nilikaa. Nilianza kwa sauti ndogo, nikakumbuka sikio, ikabidi nipaze. Hivyo ndivyo nilivyoungama, nikipiga kelele, wanawake wanaoosha vyombo wakigeuka. "Felista, mwaka ule, bwana shamba alipokuja shuleni..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ni wewe. Tunajua tangu siku ileile. Mama alikuwa anakana kule ofisini, bwana shamba akamwambia usijisumbue mama, hata mtoto anayekula kwako amesema."

"Kwa hiyo ile Jumapili..."

"Alijua."

"Na akanipakulia."

"Wa kwanza," alisema Felista, na hapo sauti yake ikavunjika kidogo, kwa hasira iliyokuwa bado mbichi. "Mimi nilitaka akumwagie kile kiburu cha moto usoni. Ulipoondoka nilimwuliza kwa nini. Akasema ulikuwa hujala tangu asubuhi."

Nililia, na Felista aliniacha nilie bila kunishika. Nilipoweza, nilitoa lile isale kwenye mkoba, gazeti limeshakauka, nikalishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Alilitazama muda mrefu. Sidhani kama alikuwa ameliona isale kwa karibu tangu walipoondoka mlimani.

"Silikatai," alisema mwishowe. "Ila uliyemkosea yuko pale."

Tulikwenda kaburini. Nilichimba kwa kijiko kikubwa cha jikoni maana majembe yalikuwa yamerudishwa kwa wenyewe, na udongo ulikuwa mgumu, ukitoka kwa vipande. Nililipanda upande wa kichwani. Lilisimama limelegea, dogo, la kijani kisicho cha mahali pale.

"Huku hakuna ukungu," alisema Felista. "Haya hayaoti yenyewe. Linataka maji kila wiki, la sivyo mwezi hauishi. Nani atakuja kulimwagilia?"

Nikafungua mdomo.

"Usiahidi," akasema.

Akanipa ndoo, akanionyesha mfereji ulipo.